Tone Linapokauka

Kioo cha tatu nacho kilitoka na mawingu.

Nilikiegemeza ukutani, nikarudi nyuma hatua mbili, nikajitazama. Uso wangu ulikuwepo, lakini kama uso wa mtu anayetazamwa kupitia mvuke wa sufuria. Na mawingu yenyewe hayakukaa ovyo. Yalikuwa michirizi iliyopinda, mmoja juu ya mwenzake, kutoka kushoto kwenda kulia, kama alama za ufagio uani.

"Shangazi," Kiwembe akaita kutoka meza yake bila kugeuka, "ya leo ni mawingu ya mvua au ya kutisha watu tu?"

Kiwembe ni jina alilolipata kwa ulimi wake. Mimi si shangazi yake, ila ananizidi kwa miaka ya kazi nami namzidi kwa miaka ya kuzaliwa, kwa hiyo alitafuta neno la kunitania ambalo halina matusi ndani yake. Katika karakana yetu ya vioo tulikuwa watatu. Yeye na Fundi walipaka fedha mgongoni mwa vioo. Mimi kwa miaka tisa nilikuwa mtu wa fremu: kupiga msasa, kugundisha pembe, kufagia vumbi la mbao. Mwezi uliotangulia, nikiwa na miaka arobaini na saba, Fundi alinihamishia meza ya fedha. Siku ile nilipofika nyumbani nilipiga magoti hata kabla ya kuvua viatu.

Kazi yenyewe ni hivi. Kioo kinaoshwa kwa sabuni, kinasuuzwa, halafu kinafutwa kwa kiyeyushi, yaani spiriti au kitu cha namna hiyo, ili mafuta yote yaondoke. Kisha unakilaza chali na kukimwagia maji ya fedha pamoja na dawa ya kuyaamsha. Maji yanageuka kahawia, yanageuka meusi, unadhani umeharibu kila kitu. Kumbe chini ya weusi ule fedha inashika. Mara ya kwanza kuliona jambo hilo nilisema "Mungu wangu!" kwa sauti kubwa, na Kiwembe akanionya, "Usimwite bure, atadhani umejikata."

Lakini kioo kikiwa na utando wowote, hata ule usioonekana, fedha haishiki sawasawa. Inakuacha na mawingu.

Fundi alikuja akifuta mikono kwenye aproni. Alikitazama kioo kwa muda mrefu, nami nikatazama sakafu.

"Hiki ni cha chumba cha mazoezi ya viungo," akasema. "Watu waliopooza wanajifunza kusimama mbele yake. Mtu anataka kuona kama bega lake limeshuka au halijashuka. Hapa ataona nini?"

"Hataona kitu, Fundi."

"Nimebakiwa na bamba moja la ukubwa huu. Ijumaa utalipaka wewe. Likitoka safi, meza ni yako. Likitoka hivi, Jumatatu unarudi kwenye fremu na hatutalizungumza tena." Akaona uso wangu, akapunguza sauti. "Sisemi kwa hasira, mama. Kuna watu ngozi yao ya mikono ina mafuta mengi. Kioo hakiwapendi. Si kosa lao."

Nilirudi kwenye meza yangu, nikaitazama mikono yangu kana kwamba nimeletewa ya mtu mwingine.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumatatu jioni huwa nina darasa. Tuko watu wazima kumi na mmoja, tunakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa mbao, na mwalimu wetu wa sayansi ana umri wa mwanangu wa kwanza. Kabla ya kuingia nilisimama kidogo nje ya mlango nikaomba: Bwana, kama ni mikono yangu, nionyeshe. Kama si mikono yangu, nionyeshe pia. Kisha nikaingia, maana nadhani kuomba halafu kubaki umesimama ni sawa na kupiga hodi kisha kukimbia.

Mwishoni mwa somo nilinyoosha mkono nikaeleza shida yangu.

"Unafutia nini?" mwalimu akauliza.

"Spiriti ya hospitali. Karakana kuna spiriti ya pipa, lakini mimi nanunua yangu duka la dawa, kwa pesa yangu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hospitali wanajua usafi kuliko sisi."

Watu wawili watatu wakaitikia kwa vichwa. Mwalimu hakuitikia.

"Hospitali wanataka ngozi isiwe na vijidudu," akasema. "Wewe unataka kioo kisiwe na kitu chochote. Hizo ni kazi mbili tofauti. Kiyeyushi unakidai mambo mawili, mama: kiyeyushe uchafu, kisha kiondoke chote. La kwanza kila mtu anauliza. La pili husahaulika."

"Nitajuaje kama kimeondoka chote?"

"Usiniulize mimi, kiulize chenyewe. Tonya tone moja juu ya kioo safi. Liache likauke bila kulifuta. Halafu tazama mahali lilipokuwa."

"Na macho yangu yasipoona kitu?"

"Pumulia, kama unavyopumulia miwani. Penye kioo kitupu ukungu utakaa mmoja. Penye kitu, ukungu utakataa kukaa sawa."

Nilirudi nyumbani nikitembea haraka kama mtu aliyesahau chungu jikoni.

Jumanne, saa ya mapumziko, nilichukua kipande kirefu cha kioo, nikakiosha, nikakilaza karibu na dirisha. Nilikuwa nimezunguka kukusanya: spiriti yangu ya hospitali, spiriti ya pipa, petroli kidogo, mafuta ya taa, thina ya rangi, dawa ya kuondolea rangi ya kucha niliyomwomba jirani, maji ya bomba na maji ya betri, yale yasiyo na asidi. Nilifungua madirisha yote, nikahakikisha hakuna aliyewasha moto. Kisha nikatonya kwa mstari, nikiandika chini ya kila tone kwa penseli ya nta.

Kiwembe akaja na chai yake. "Shangazi, umeanza uganga?"

"Natafuta kinachobaki."

"Petroli haibaki. Ile harufu yake yote inakwenda wapi kama haiondoki?"

"Tutaona."

"Na mafuta ya taa?"

"Kaa uone, au nenda ukanywe chai yako."

Akakaa. Ni jambo la ajabu kutazama matone yakikauka. Tone la dawa ya kucha lilijikusanya na kutoweka upesi kama limeitwa. Spiriti mbili zilifuatana. Petroli ilitanuka, ikakimbilia kingo, ikaisha. Maji yalikaa tu, hayana haraka na mtu. Mafuta ya taa hayakukauka siku ile wala siku iliyofuata, yalikaa pale mpaka wiki ikaisha.

Nilipoinama kutazama, Kiwembe aliinama upande wa pili mpaka vichwa vyetu vikagongana.

Petroli iliacha mstari wa manjano pembeni, mwembamba kama uzi. "Msaliti!" Kiwembe akasema. Dawa ya kucha iliacha utando wa waridi uliong'aa. Kumbe ndani wanatia mafuta ili kucha zisikauke. Maji ya bomba yaliacha duara jeupe la chokaa. Maji ya betri hayakuacha kitu. Spiriti ya pipa haikuacha kitu. Thina iliacha doa la ukungu nisilolielewa, na nikaandika hivyo hivyo, "silielewi."

Kisha nikapumulia mahali pa spiriti yangu ya hospitali. Ukungu ulienea pande zote ukaiacha pete moja ya mviringo, yenye mafuta, inayong'aa katikati kama jicho la samaki.

Nikachukua chupa, nikasoma maandishi madogo ambayo miwani yangu na mimi hatukuwahi kuyajali. Spiriti, maji, na mwisho kabisa: mafuta ya nyonyo.

"Mafuta!" Kiwembe akapiga paja. "Shangazi, umekuwa ukikipaka kioo mafuta kwa pesa yako!"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nilicheka kwa furaha zaidi kuliko aibu, maana nilidhani nimekwisha kumpata mwizi.

Jumatano asubuhi nilikata kioo kidogo cha majaribio. Nikaosha, nikasuuza kwa maji ya betri, nikafuta kwa spiriti ya pipa, ile ile ya Kiwembe. Nikamwaga maji ya fedha. Kahawia, kisha meusi. Nikasuuza, nikageuza.

Mawingu. Machache kuliko mwanzo, lakini michirizi ni ile ile, imepinda vile vile.

Kiwembe alikuja akatazama. Safari hii hakutania, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Shangazi," akasema polepole, "labda Fundi anasema kweli. Labda ni mikono."

Nilikwenda nyuma kwenye karo, nikafungua maji, nikasimama. Sikuwa na maneno mengi. Nilisema tu, Bwana, nilikuomba unionyeshe hata kama ni mimi. Sasa nionyeshe, sitakasirika. Nikakaa kimya nikisikiliza maji. Na katika ukimya ule nikawa nafikiria michirizi, jinsi ilivyopinda. Ilipinda kwa sababu ndivyo mkono unavyozunguka kutoka begani unapofuta. Sawa. Lakini mimi kioo nakishika kingoni. Katikati ya kioo ngozi yangu haifiki kabisa. Kinachofika ni kitambaa.

Nilifunga maji.

Habari ya vitambaa ni hii. Kiwembe anafutia vipande vya shati lake kuukuu, anavifua pale pale kwenye karo kwa sabuni ya mche na kuvisuuza mpaka vinageuka rangi ya majivu. Mimi niliviona vichafu. Nilikata shuka jeupe la pamba vipande vinane, na kila baada ya siku chache nilivibeba nyumbani vikafuliwe peke yavyo. Vilikuwa vyeupe na laini, na nilijivunia.

Nilichukua kimoja kilichokunjwa, kisichoguswa. Nikakitia kwenye bilauri ya kioo pamoja na spiriti ya pipa, nikakiacha kiloe, kisha nikachukua tone la spiriti ile na kulitonya juu ya kioo. Kando yake nikatonya spiriti ya pipa tupu. Kiwembe alikwishafika bila kuitwa.

Matone yakakauka. Nikapumulia.

Upande wa spiriti tupu, ukungu mmoja. Upande wa kitambaa, pete pana, nene, kubwa kuliko ile ya mafuta ya nyonyo.

Kiwembe akainua kitambaa puani. Macho yakamtoka. "Shangazi, hiki kinanukia bibi harusi."

Nikanusa. Nilikuwa nimekizoea kiasi kwamba sikuwa nakisikia tena. Maua. Nyumbani kwangu kila kitu kinanukia hivyo, kuanzia taulo hadi mapazia. Na nyumbani kwangu anayefua ni mama mkwe.

Mama mkwe wangu alihamia kwetu alipofiwa na mumewe, na tangu siku hiyo hajakubali kuitwa mgeni. Alichukua kufua bila kuomba ruhusa. Jioni ile nilimkuta chumbani akikunja nguo kitandani, kila shati limelala kifudifudi kama mtoto. Vitambaa vyangu vinne vilikuwa kileleni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umerudi na uso wa mahakamani?"

Nikakaa pembeni ya kitanda. "Mama, hivi vitambaa vyangu unavifua na nini?"

"Na nini tena? Na sabuni."

"Sabuni tu?"

"Na ile ya chupa ya bluu, ya kulainishia. Nguo nyingine naweka kifuniko kimoja. Hivi vyako naweka viwili."

"Viwili, Mama?"

"Sasa utoke hapa unakwenda kwa watu na vitambaa vigumu kama mbao, waseme mama mkwe wake hana mkono wa kufua?"

Nilitamani kusema asante na kulala. Ningeweza kununua vitambaa vingine na kunyamaza. Lakini angeendelea kuuliza viko wapi, nami ningeendelea kutunga uongo, na sikuona namna ya kuomba usiku nikiwa na uongo wa vitambaa mdomoni. Kwa hiyo nikamwambia yote: mawingu, bamba la mwisho, Ijumaa, pete.

Aliacha kukunja. Akaliweka shati magotini.

"Yaani ningekuwa mvivu," akasema, "ungefaulu."

"Mama..."

"Kifuniko cha pili ndicho kilichokumaliza."

"Hata cha kwanza, Mama."

Akanitazama kwa ukali, kisha mabega yakaanza kumtikisika, na nikajua anacheka. "Haya. Mimi sihukumiwi bila ushahidi. Nionyeshe."

Nilikuwa na kipande cha kioo na kichupa cha spiriti mkobani. Tukaenda mezani. Nikaloweka, nikatonya, tukangoja. Alivuta kiti karibu, akaegemea viwiko, hakubandua macho. Nilipomwambia apumulie, alipumulia kwa nguvu kama anazima mshumaa.

"Polepole, Mama. Kama unapasha mikono joto."

Akarudia. Pete ikajitokeza.

"Ehee!" Akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. "Kumbe hakiondoki! Mimi nasuuza nikijua kimekwenda, kumbe kimekaa kimya kinanisikiliza."

"Ndiyo kazi yake. Kinabaki juu ya nyuzi, ndipo nguo inakuwa laini."

"Kwa hiyo mashuka tunalalia hicho?"

"Tunalalia."

"Na taulo?"

"Na taulo."

Akapiga meza kwa kiganja. "Ndiyo maana taulo za humu hazikaushi mtu! Mwaka wa tatu huu nasema taulo zimechoka, namwambia mwanangu anunue nyingine, kumbe nazipaka mwenyewe!"

Usiku huo hakutaka kulala kabla ya kutonya maji ya mchele na manukato yake ya kanisani. Ya mwisho yaliacha pete iliyomsikitisha kidogo.

Asubuhi ya Alhamisi alinikatalia nisiguse vitambaa. "Nimeviharibu mimi, nitavitengeneza mimi." Alivichemsha kwa sabuni ya mche, akamwaga, akachemsha tena kwa maji matupu. Kila mara nililoweka kipande kwenye spiriti nikatonya. Baada ya kuchemsha mara ya kwanza pete ilikuwepo, nyembamba. Baada ya mara ya pili ilikuwepo bado, ila ilibidi ukipindue kioo kwenye mwanga ndipo uione. Nilipotoka kazini jioni alikuwa ameshachemsha mara ya tatu na ya nne, na akanipokea mlangoni na kioo mkononi.

"Pumulia wewe. Mimi macho yangu naogopa yanataka kunifurahisha."

Nikapumulia. Ukungu mmoja, kutoka kona hadi kona. Vitambaa vilikuwa vigumu kama mbao.

Ijumaa Fundi hakukaa. Alisimama mwisho wa meza mikono nyuma, na Kiwembe akajifanya anatafuta kitu kwenye rafu iliyokuwa tupu. Niliosha bamba. Nikasuuza kwa maji ya bomba, kisha kwa maji ya betri, nikiyaacha yateleze yenyewe. Nikafuta kwa spiriti ya pipa na kitambaa kigumu, kitambaa kipya kwa kila robo ya kioo. Sikuomba kioo kitoke safi; niliomba tu mkono usitetemeke, maana lililobaki lilikuwa hilo.

Nikamwaga.

Maji yalienea yakafika kingoni. Yakawa kahawia. Yakawa meusi, meusi kabisa, na kwa dakika zile Kiwembe alisahau kujifanya anatafuta. Nikasuuza. Tukaliinua bamba watatu, tukalisimamisha dhidi ya ukuta, na Fundi akavuta taa ya waya karibu.

Karakana nzima ilikuwa ndani yake. Rafu, dirisha, tundu la msumari ukutani, uzi uliolegea kwenye aproni yangu. Fundi akaipitisha taa juu, chini, upande, akiinama na kuchungulia kwa mshazari ambapo mawingu hujificha. Akarudia upande wa kushoto, ambako michirizi yangu huwa inaanzia. Kisha akasimama wima akajikuta anatazamana na yeye mwenyewe.

"Hizi nywele za masikioni zimeanza lini?"

"Sisi tunazijua siku nyingi, Fundi," Kiwembe akasema.

Fundi hakucheka. Alikunja waya wa taa polepole.

"Ile habari ya mikono," akasema bila kunitazama. Nikangoja. "Niliambiwa na aliyenifundisha kazi. Naye aliambiwa. Sikuwahi kuipima."

"Inapimika," nikamwambia. "Dakika chache tu."

"Nasikia. Kiwembe kanisimulia mpaka kichwa kinaniuma." Akakohoa. "Lile pipa letu limefunguliwa muda mrefu. Utalipima nalo kwa tone."

"Nitalipima. Na Jumatatu, Fundi, nije kwenye meza gani?"

Akaonyesha kwa kidevu upande wa fremu. Meza yangu ya miaka tisa ilikuwa imefunikwa na mabamba mapya, yameegemezwa hadi ukingoni, hakuna hata pa kuweka kikombe.

"Kule nimejaza vioo," akasema. "Hakuna pa kukaa. Njoo hapa, na uje mapema. Viko vinne, na kimoja ni cha kinyozi asiyejua kusubiri."

Nikasema sawa, Fundi, nikaenda kusuuza ndoo.